Kamyo Iliyolala Haiamshwi kwa Nguvu

Kamyo ya baba mdogo ilikaa Luofu miezi 14 bila kuguswa. Tuliiacha chini ya mikaratusi, pua ikitazama bondeni, kwa sababu huku milimani kila shofa hulaza gari lake kwenye mteremko: kesho batri ikigoma, unaachia breki, gari linateremka, linawaka. Tuliporudi tulikuta matairi mawili hayana upepo, panya wamezaa chini ya kiti, na kifuniko cha mota hakipo. Kilikuwa kimefanywa mlango wa banda la mbuzi. Filta ya hewa nayo ilikuwa imeondoka, mdomo wa mota umebaki wazi ukitazama mbingu. Vijana wakaleta batri ya kuazima, tukageuza ufunguo, mota ikatoa mlio mmoja tu, "tk", ikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha fanya kazi gereji miaka sita, na nilipaswa kujua. Nikawaambia watoe mawe chini ya matairi, tuiteremshe.

Ilikwenda mita 30 hivi. Niliachia klachi nikiwa gia ya tatu, nikasikia kishindo kama mti unaovunjika. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwa ule mdomo wazi yakatua juu ya pistoni. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ilipopanda ilikutana na maji kama inayokutana na jiwe. Mkono wake wa chuma, ule tunaouita biele, ukapinda, ukavunjika, ukatoboa ubavu wa mota. Kamyo haikusimama. Iliendelea kuteremka na mimi ndani, breki hazina hewa, usukani mzito kama umefungwa, hadi ilipokwama kwenye tuta la shamba la viazi. Hatukumgonga mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapopita pale.

Nawaandikia wenye kamyo zilizolala, na ziko nyingi. Luofu iko kusini mwa teritware ya Lubero, mashariki mwa Kongo, si mbali na barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma, inapanda mlima wa Kabasha hadi Kanyabayonga, inapita Kayna na Kirumba, kisha Lubero mjini, Butembo na Beni. Viazi, maharagi, kabichi na vitunguu vya milimani huenda sokoni kwa njia hiyo. Barabara ikifungwa, kamyo zinalala. Aprili 2009 waasi wa FDLR walishambulia Luofu na kuchoma nyumba nyingi, watu wakakimbia na walichoweza kubeba mikononi. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, halafu Kirumba, na maelfu wakashika njia ya kaskazini kuelekea Lubero na Butembo. Katika mkimbio wa namna hiyo gari lisilo na mazuti linabaki uani. Mtu akirudi baada ya mwaka, kabla hata hajaezeka upya jiko, anataka asikie mota ikilia, maana humo ndimo ilimo karo ya watoto na deni la mbegu. Haraka hiyo naielewa. Ndiyo iliyotuulia mota.

Kwanza tuelewane maneno. Huku kwetu tunasema kamyo, mota, mazuti, batri na demarere. Ndugu zetu wa Kampala, Nairobi na Arusha husema lori, injini, dizeli, betri na starta. Vitu ni vilevile. Nitatumia ya kwetu, na pale ambapo neno la jirani linaeleweka zaidi nitalichukua.

Swali la kwanza la kujiuliza ni moja, na wengi huliruka: mota haizunguki, au inazunguka lakini haiwaki? Ukigeuza ufunguo ukasikia "ruu-ruu-ruu" bila moto kushika, tafuta mazuti, hewa na nguvu ya mgandamizo. Ukisikia "tk", au usisikie kitu, basi hakuna kinachozunguka, na hapo mazuti hayana kosa lolote. Nimeona watu wakifungua filta na mirija ya mazuti ya mota ambayo haijageuka hata nusu duara. Wanatibu tumbo la mtu aliyevunjika mguu.

Tenga saa nzima ya kutazama kabla ya kugusa ufunguo. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi, hata kama breki ya mkono inaonekana kushika. Fungua njia ya hewa yote, kutoka filta hadi mdomo wa mota, utazame kwa tochi. Panya hupenda filta kavu. Utakuta majani, vitambaa na maganda ya mahindi ambayo mota ikiyavuta yanakwenda moja kwa moja kwenye valvu. Tazama na bomba la moshi. Fuata nyaya kwa mkono, maana panya hawaachi plastiki. Kisha vuta kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, kuna kitu kimeongezeka humo, nacho ni maji au mazuti. Ikiwa nyeupe kama maziwa ya chai, ni maji. Ikinuka mazuti, pompa au nozeli imevuja. Hata ikionekana safi, nenda chini, legeza bolti ya kumwagia oili taratibu bila kuitoa yote, ukinge kikopo. Maji ni mazito kuliko oili, hulala chini kabisa, kwa hiyo kama yapo yatatoka ya kwanza. Sisi tungefanya hivyo tu, dakika kumi za kulala chini ya gari, pengine mota ile ingekuwa inafanya kazi hadi leo.

Batri ina habari yake huku kwetu. Mwenye kamyo akikimbia, batri haibaki kwenye gari. Inaingia sebuleni, inawasha taa, inachaji simu za kijiji kizima, kisha siku ya kuwasha kamyo inarudishwa mahali pake kama vile haikwenda popote. Batri ya kuwashia gari haikuundwa kwa kazi hiyo. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa mara moja. Ukiikamua hadi mwisho kwa miezi, sahani zake hushika ukoko mgumu mweupe, na kuanzia hapo hata ukiichaji kutwa kwa paneli ya jua itaonyesha volti nzuri na kuanguka pale tu unapoidai kazi. Kwa hiyo usiiamini mita peke yake. Batri nzima ya volti 12, ikiwa imepumzika saa chache baada ya kuchajiwa, husoma 12.6 au zaidi, ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Lakini kipimo cha kweli ni kusoma mita wakati mtu mwingine anageuza ufunguo. Ikishuka chini ya 9, batri haina kitu, au inasukuma kitu kilichokwama. Kama maji yake yamepungua, ongeza maji ya batri tu, yale yaliyotoneshwa. Usiongeze asidi wala maji ya mtoni. Na ujue kamyo yako ni ya volti 12 au 24. Zile za 24 hutumia batri mbili zilizofuatana, na ukichanganya mpya na ya zamani, ya zamani itaiua mpya.

Kama huna mita, una taa. Washa taa kubwa za mbele, mwambie mwenzako ageuze ufunguo, wewe simama mbele utazame. Taa zikizimika kabisa, batri ni dhaifu au vichwa vyake havishiki. Zikibaki na mwanga uleule na hakuna mlio, umeme haufiki kwenye demarere: tafuta fyuzi, swichi ya ufunguo, au waya mwembamba uliokatika. Zikibaki na mwanga na ukasikia "tk", mlio unatoka kwenye swichi iliyo juu ya demarere lakini mkondo mkubwa haupiti, na mara nyingi ni visu vya shaba vya ndani vilivyoungua au brashi za kaboni zilizokwama. Taa zikififia sana, zikawa nyekundu kama kaa, huku hakuna kinachozunguka, simama hapo hapo. Demarere inajaribu na inashindwa. Ama yenyewe imeshika, ama mota imeshika.

Kabla ya kulaumu chochote, safisha njia ya umeme. Fungua vichwa vya batri, vimwagie maji ya moto yaliyochanganywa na magadi, sugua kwa msasa hadi risasi ing'ae. Fuata waya wa masi, ule unaokwenda kwenye chasi, kisha ule mwingine unaounganisha chasi na mota, ambao wengi hawajui hata kama upo. Kwenye hali ya ukungu ya Luofu kutu huingia chini ya bolti yake, juu panaonekana pazima. Ifungue, kwangua hadi chuma kitupu, funga, paka grisi. Ukigeuza ufunguo mara mbili tatu halafu ukakuta kiungo kimoja cha waya kina joto mkononi, ubovu uko hapo. Nimeona kamyo mbili zilizohukumiwa kununuliwa demarere mpya zikaponywa na kipande cha msasa.

Demarere ikiwa ndiyo inayoshukiwa, mtu aigonge kidogo kwa mpini wa nyundo, siyo kwa kichwa cha nyundo, huku mwenzake akigeuza ufunguo. Ikizunguka, ni brashi. Itakupa siku chache tu, basi itoe uibadilishe brashi. Isipozunguka, ondoa waya wa batri kwanza, kisha uifungue na kuishusha. Usiilazimishe kukaa mahali pake ukiendelea kupima, maana ikishashuka inakupa faida nyingine kubwa: kupitia tundu lake unaiona pete ya meno ya flaiwili, na hapo ndipo unaweza kuiuliza mota yenyewe.

Baada ya ajali yetu alikuja mzee mmoja, fundi wa siku nyingi kutoka upande wa Kirumba, kutazama hasara. Alizunguka kamyo kimya, akaniita.

"Mwanangu, uliiuliza mota hii kabla ya kuisukuma?"

"Niliiuliza nini, Baba?"

"Kama inaweza kuzunguka."

Sikuwa na jibu. Akachukua spana yangu kubwa akanionyesha nati ya mbele, ile iliyo katikati ya puli ya krankshafti, na kusema kwamba yeye hajawahi kuwasha mota iliyolala zaidi ya miezi mitatu bila kuizungusha kwa mkono duara mbili kamili. Ushauri wangu wote umetoka kwenye sentensi ile.

Fanya hivi. Weka gia huru. Ondoa mikanda ya mbele kwanza, kwa sababu wakati mwingine kilichoshika ni pompa ya maji au altaneta tu, na mota haina ugonjwa. Kisha toa nozeli zote. Kwenye mota kama OM 352 ya Mercedes 1113, ambayo bado iko tele kwenye milima yetu, ziko sita. Kwenye Fuso ndogo ziko nne. Ziandike namba, kila moja irudi tundu lake, na chini ya kila moja kuna washa ya shaba ambayo itahitaji kuwa mpya. Funika mirija kwa mfuko safi wa plastiki. Kazi hii huchukua nusu siku, na ndiyo nusu siku ambayo watu hawataki kuitoa. Lakini nozeli zikiwa nje, maji au mazuti yaliyokaa juu ya pistoni yana pa kutokea, na hakuna biele itakayopinda.

Sasa weka soketi kwenye nati ya puli, na mpini wa urefu wa mkono wako. Zungusha upande mota inakozunguka ikiwaka, yaani kama mshale wa saa, wewe ukiwa umesimama mbele ya gari. Sukuma kwa uzito wa mwili mmoja. Usiongeze bomba la mita mbili, usiite kijana wa pili. Ikigeuka, hata kwa uzito, endelea polepole ukisikiliza, hadi duara mbili zitimie, na usisimame mbele ya matundu ya nozeli: maji yaliyomo hutoka kwa kasi, na OM 352 ni mota ya mgandamizo wa 17 kwa 1. Ikigeuka robo kisha ikagonga kitu kigumu, rudi nyuma kidogo, usipambane. Isipogeuka kabisa, sasa unajua, na umejua bila kuvunja kitu.

Mota hushikaje? Ikisimama, baadhi ya valvu hubaki wazi. Hewa ya ukungu huingia kwenye silinda zile tu, oili iliyopaka kuta hushuka kidogo kidogo kwa miezi, na ringi za pistoni, ambazo ni chuma cha kusubu kikigusana na chuma cha kusubu, hushikana na ukuta kwa kutu. Mara nyingi ni silinda moja au mbili, nyingine zote nzima. Kutu hiyo ni nyembamba, na dawa yake ni mafuta na siku. Changanya mazuti safi na mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, mimina vijiko vitatu vya chakula katika kila silinda kupitia tundu la nozeli. Funika matundu kwa kitambaa. Ondoka. Kesho rudi ongeza kijiko kimoja kimoja, jaribu kwa mpini ule ule, ondoka tena. Kama radieta ni nzima, unaweza kuijaza maji ya moto kiasi cha kuogea, ili chuma kipanuke kidogo na mafuta yapenye. Yasiwe ya kuchemka, chuma baridi hupasuka. Wako wanaowasha mkaa chini ya karteri, lile beseni la oili. Nimeona kamyo ikiungua namna hiyo, pamoja na nyumba iliyokuwa karibu yake.

Siku ya tatu au ya nne, ikiwa inaanza kutikisika upana wa kidole, usishangilie kwa kuilazimisha. Ipeleke mbele kidogo, irudishe kidogo. Kurudisha nyuma fanya kwa fimbo ya chuma kwenye meno ya flaiwili, siyo kwa nati ya puli, isije ikalegea. Mbele, nyuma, mbele, kila mara upate upana mpya. Nimewahi kulegeza mota iliyochukua siku tisa. Ilikuwa imelala miaka miwili, na sasa inabeba viazi.

Ikishalegea, fungua kifuniko cha valvu kabla ya kuzungusha duara nzima. Mwenzako azungushe polepole, wewe tazama kila valvu ikishuka na kurudi. Valvu iliyokwama chini itagongwa na pistoni. Idondoshee mafuta kwenye shina, igonge kwa ubao mdogo, isubiri irudi yenyewe.

Kama siku kumi zimepita na mota haijatikisika, hapo kuna uamuzi wa fedha, na lazima niseme wazi: acha kuitesa. Kinachofuata ni kufungua silinda hedi. Hesabu kabla ya kushika spana: gasketi ya hedi, washa za shaba, pengine ringi na silinda zake. Butembo ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Luofu, na barabara unaijua. Maduka ya Butembo yana vipuri vingi vya Fuso na vya Mercedes za zamani, na kisichopatikana huagizwa Kampala, kwenye soko la Kisekka, kikaingilia Kasindi. Ukifungua hedi kabla hujawa na gasketi mkononi, mvua itaingia kwenye silinda zilizobaki wazi na utakuwa umenunua ugonjwa mpya. Ikikubidi kusubiri, usifungue.

Mota ikizunguka kwa mkono, ugonjwa wa kwanza umekwisha, lakini usikimbilie ufunguo. Mazuti yaliyokaa tangi mwaka mzima siyo mazuti tena ya kuamini. Baridi ya usiku hutonesha maji ndani ya tangi lililojaa nusu, maji hushuka chini, na kwenye mpaka wa maji na mazuti huota utelezi mweusi unaoziba filta. Fungua bolti ya chini ya tangi, kinga lita chache kwenye chupa nyeupe, zilale usiku kucha, asubuhi utaona mpaka. Mazuti mapya unayonunua nayo yalaze kwenye chupa, hasa ya kina Kadafi wanaouza kando ya barabara. Simwonei yeyote wao. Bila wao tungesimama wengi. Lakini dumu moja limepita mikono mingi toka Uganda, na lililokuwa na maji jana leo limejazwa mazuti. Badilisha filta zote mbili. Halafu toa hewa: legeza skrubu juu ya filta, piga pompa ya mkono hadi povu likome na yatoke mazuti matupu, funga, fanya vivyo hivyo kwenye pompa kubwa ya mazuti.

Kuna hatari moja hapa ambayo mafundi wengi vijana hawajaikuta, na wakiikuta mara ya kwanza wanakimbia. Ndani ya pompa ya mazuti ya kizamani iko fimbo ndogo yenye meno inayopima kiasi cha mazuti. Kamyo ikilala, fimbo hiyo huweza kushika mahali ilipo, na ikiwa imepumzika hukaa upande wa mazuti mengi. Ukiwasha, mota inapaa mzunguko, ukizima ufunguo haizimi, kwa sababu mota ya mazuti haihitaji umeme kuendelea. Itazunguka hadi ipasuke. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, sukuma mkono wa kuzimia kwenye pompa kwa kidole, uone unakwenda na kurudi laini. Usiporudi, mafuta na subira tena. Na siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame karibu na mdomo wa hewa akiwa ameshika ubao bapa mpana kuliko mdomo huo. Mota ikipaa, aufunike. Asitumie kiganja, asitumie kitambaa chepesi. Vyote viwili huvutwa.

Usitie kitambaa chenye esansi, yaani petroli, kwenye mdomo wa hewa, wala dawa ya kupuliza ya kuwashia. Najua inafanyika kila asubuhi ya baridi. Esansi hulipuka kabla pistoni haijafika juu, ikaipiga kofi ikiwa bado inapanda. Ringi ulizoziokoa kwa siku tisa unazivunja kwa sekunde moja.

Weka oili mpya na filta yake. Rudisha demarere, lakini nozeli ziache nje bado. Vuta mkono wa kuzimia, washa demarere sekunde kumi, pumzika dakika mbili, sekunde kumi tena, hadi mshale wa oili unyanyuke. Mota kavu ikiwaka bila oili juu hula bearingi zake dakika ya kwanza. Mshale ukinyanyuka, rudisha nozeli na washa mpya za shaba, fungua hewa kwenye nati za mirija, na sasa geuza ufunguo kwa moyo mmoja. Moshi mweupe mwingi mwanzoni usikutishe. Iache ilie taratibu, usikanyage mafuta ili majirani wasikie. Tazama oili, tazama maji, sikiliza.

Kisha usiende popote. Breki za nyingi ya kamyo hizi hutegemea hewa ya kompresa, na kamyo iliyolala haina hewa hata kidogo. Subiri mshale ufike bari 6 au zaidi, zima mota, ushuke usikilize uvujaji chini ya gari, washa tena. Vitambaa vya breki vinaweza kuwa vimegandamana na ngoma, na klachi inaweza kuwa imeshikana na flaiwili, kwa hiyo jaribu gia ya kwanza mahali tambarare, mawe yakiwa mbele, watoto wakiwa mbali. Ndiyo maana naomba, mimi niliyewahi kukaa ndani ya kamyo isiyo na breki katika mteremko wa Luofu: msiwashe gari lililolala kwa kuliteremsha. Hata kama mota ni nzima. Likikataa kuwaka njiani, hakuna cha kulisimamisha isipokuwa kilicho chini ya mlima.

Na wewe ambaye kamyo yako bado imelala, au una ndugu aliyebaki Luofu, Kayna au Kirumba karibu na kamyo ya mtu aliyekimbia: tafuta kopo lifunike bomba la moshi, na mfuko mzito wa plastiki ufungwe kwa mpira kwenye mdomo wa hewa. Batri ikitumika kwa taa, ichajiwe kila siku. Mara moja kwa mwezi mtu aweke soketi kwenye nati ya mbele aizungushe mota duara mbili na robo, ili isisimame pale pale. Fanyeni hivyo kabla mvua za Septemba hazijaanza.